Je, wajua? Zambarau ya lepidolaiti haitokani na lithiamu

Lepidolaiti ni aina ya ulanga, au mika, yenye lithiamu, ile metali ya betri. Ni laini: ncha ya kisu hulibandua tabaka tabaka, na utando unaotoka ukiupinda kisha ukauachia, hujinyoosha wenyewe.

Jiwe hili linafahamika zaidi kwa rangi yake ya zambarau, na hapo ndipo wengi hupotea. Hudhaniwa kwamba lithiamu ndiyo iliyolitia rangi, hivyo zambarau ikikolea, lithiamu nayo ni tele. Sivyo. Zipo lepidolaiti za kijivu, za manjano, hata zisizo na rangi, na lithiamu zinayo. Spodumini, madini mengine yanayochimbwa kwa ajili ya lithiamu, mara nyingi ni meupe au ya kijivu. Anayepaka rangi ni manganizi, metali nyingine, tena kwa kiasi kidogo tu. Chuma nacho kikizidi, huivuruga.

Nuru humezwa pale tu nguvu yake inapolingana na ile ya kuipandisha elektroni, chembe ndogo ya atomu, kutoka kipago kimoja cha ngazi ya nguvu hadi kingine. Katikati ya vipago hapakanyagiki. Vipago vya manganizi vimekaribiana, kwa hiyo nuru ya kijani na manjano inamezwa, na inayotufikia ni mchanganyiko wa nyekundu na buluu. Lithiamu ya jiweni imekwisha kupoteza elektroni moja. Mbili zilizobaki zimebanwa, na kipago kinachofuata kiko juu mno kwa nuru yoyote tunayoiona. Nuru inapita tu.

Cha ajabu, unga wa jiwe hilohilo ukitiwa motoni, mwali hugeuka mwekundu wa damu, na safari hii ni lithiamu kweli. Kwa kuchunguza nuru ya namna hiyo, wanasayansi Bunsen na Kirchhoff waliigundua metali ya rubidiamu ndani ya lepidolaiti mwaka 1861.

Leo lepidolaiti huchimbwa Yichun, China, na imo pia Bikita, Zimbabwe. Husaidia kioo na kauri kuyeyuka kwa joto dogo zaidi, na hutoa lithiamu ya betri. Wapo wanaoiuza kama jiwe la kutuliza akili, kwa kuwa lithiamu ni dawa. Dawa hiyo ni chumvi inayomezwa, na kiwango chake hupimwa kwenye damu. Ya jiweni imefungiwa ndani ya madini yenyewe: viwandani jiwe husagwa, mara nyingi likachomwa pamoja na chumvi za salfeti kwenye joto la nyuzi mamia kadhaa, ndipo maji yaweze kuitoa.