Slavín, Bratislava: yanayosemwa na yalivyo hasa

Slavín ni kilima kilicho juu ya katikati ya Bratislava, mji mkuu wa Slovakia. Mnara wake wa ukumbusho wa mita 39 unaonekana kutoka sehemu nyingi za mji, kwa hiyo wengi huuzungumzia bila kuwahi kufika hapo.

"Ni mahali pa kutazama mandhari, basi."
Kwanza kabisa ni makaburi. Wamezikwa hapo askari 6,845 wa Jeshi Jekundu la Kisovieti waliokufa katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Makaburi ya mtu mmoja mmoja ni 278 tu. Waliobaki, yaani zaidi ya 6,500, wamelazwa katika makaburi sita ya pamoja. Mgeni anayehesabu mawe ya majina huondoka akidhani waliozikwa ni mia chache. Kabla ya kutandika kanga kwenye nyasi ili mle chakula, angalieni kwanza mlipo.

"Wote walifia katika vita vya Bratislava."
Mapigano ya mji wenyewe yalichukua siku chache na kumalizika tarehe 4 Aprili 1945. Miili iliyokusanywa Slavín ni pamoja na ya waliouawa kwingineko magharibi mwa Slovakia. Tarehe zilizochongwa pamoja na majina ya miji kwenye kuta za jengo la ukumbusho nazo huwachanganya watu: si tarehe za vifo vya askari, bali za kukombolewa kwa miji hiyo.

"Ni Warusi."
Wamo Warusi, ila jeshi lile lilikuwa la Muungano wa Kisovieti mzima: Waukraine, Wabelarusi, Wakazakhi, Wageorgia na wengineo. Wengine hukosea upande wa pili. Wakisikia mji ulitekwa na Kikosi cha Pili cha Ukraine, husema walikuwa Waukraine watupu. Jina hilo lilitokana na eneo la mapigano, si kabila la askari.

"Mnara ulijengwa kuipamba nchi mpya ya Slovakia."
Ulizinduliwa tarehe 3 Aprili 1960, ukisanifiwa na Ján Svetlík. Wakati huo mji mkuu ulikuwa Prague, na Slovakia ilikuwa sehemu ya Chekoslovakia hadi mwisho wa 1992. Sanamu ya juu kabisa, askari aliyeinua bendera huku akikanyaga swastika, ni kazi ya Alexander Trizuljak. Usishangae pia ukikuta wenyeji hawauoni mnara kwa jicho moja. Kati ya 1939 na 1945 Bratislava ilikuwa makao ya serikali ya Jozef Tiso, mshirika wa Hitler. Mwaka 1968 vifaru vya Kisovieti vilirudi, safari hii kuzima mageuzi ya Alexander Dubček, kiongozi wa Chekoslovakia. Nyumba ya Dubček mwenyewe ilikuwa jirani na kilima hiki.

"Utapanda mnarani kwa lifti."
Hakuna. Mandhari huonekana kutoka kwenye uwanja ulio chini ya mnara, na hakuna kiingilio. Ukumbi wa ndani kwa kawaida hufungwa, kwa hiyo usipange safari kwa ajili yake.

"Mchana kweupe ndio wakati wa picha."
Hapa mazoea ya Afrika Mashariki hudanganya. Kwetu jua la adhuhuri huwa karibu na utosi. Bratislava jua la adhuhuri hubaki upande wa kusini mwaka mzima, na katikati ya mji pia iko kusini mwa kilima. Saa sita mchana unapiga picha ukielekea jua, na mji unatoka kama kivuli. Nenda jioni, mwanga unapotoka ubavuni. Ila kumbuka majira: Desemba jua huzama kama saa kumi alasiri, Juni hukaribia saa tatu usiku.

Kwa miguu kutoka uwanja wa Hodžovo námestie, mbele ya ikulu ya rais, ni kama nusu saa ya kupanda mitaa yenye mwinuko. Beba maji, vaa viatu vyenye soli isiyoteleza, hasa ngazi zikiwa na barafu. Ukipanda basi na tiketi ya karatasi, igonge kwenye mashine ndani ya gari. Tiketi isiyogongwa haihesabiki mbele ya mkaguzi.

Na unapotafuta njia kwenye simu, andika "Slavín Bratislava". Prague nako kuna Slavín, katika makaburi ya Vyšehrad, walikozikwa wasanii wa Kicheki akiwemo Alfons Mucha.