Je, Wajua? Kwa Nini Maporomoko ya Mississippi Pale Minneapolis Yamefunikwa kwa Zege

Katikati ya jiji la Minneapolis, Marekani, Mto Mississippi hushuka juu ya mteremko mpana wa zege. Hayo ndiyo Maporomoko ya St. Anthony, ambayo Wadakota, wenyeji wa asili wa eneo hilo, huyaita Owámniyomni. Kama si zege hilo, leo pasingekuwa na maporomoko hapo.

Sababu imo kwenye mwamba. Juu kuna tabaka gumu la jiwe la chokaa. Chini yake kuna jiwe la mchanga, laini kiasi cha kumomonyoka kwa vidole. Maji yakianguka huuchimba mchanga huo, chokaa la juu hubaki likining'inia bila tegemeo, kisha hukatika. Kila linapokatika, maporomoko husogea nyuma kidogo, kuelekea mto unakotoka. Tangu barafu kuu ilipoyeyuka, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, yamesogea hivyo takriban kilomita 15 kutoka pale Mto Minnesota unapoingia Mississippi. Hatari ni kwamba chokaa hilo huishia mita mia chache tu kuelekea juu ya mto. Yangefika hapo, yangebaki maji ya kasi tu yanayopita juu ya mawe, na nguvu ya kuzungusha vinu ingepotea.

Watu waliongeza kasi hiyo. Katika miaka ya 1850 kampuni mbili, kila moja na ukingo wake, zilijenga mabwawa ya kuelekeza maji kwenye viwanda vya kupasua mbao na vinu vya unga. Mwamba uliobaki mkavu ukawa wazi kwa baridi: maji huganda ndani ya nyufa, hutanuka na kupasua jiwe. Magogo yaliyoelea kutoka misitu ya kaskazini nayo yaligonga ukingo wa maporomoko bila kukoma.

Kosa kubwa lilikuwa la handaki. Ili vinu vipya vijengwe kwenye Kisiwa cha Nicollet, kilicho mtoni juu kidogo ya maporomoko, ilihitajika njia ya kutolea maji yaliyokwisha kutumika. Mafundi wakaanzia chini ya maporomoko na kuchimba kuelekea juu ya mto, ndani ya jiwe la mchanga, tundu la karibu mita 2 kwa 2. Kuchimba kulikuwa rahisi mno, na hapo ndipo penye onyo: kinachochimbika kwa urahisi na sururu huchimbika kwa urahisi zaidi na maji. Handaki lilikuwa limefika karibu mita 600 pale, tarehe 5 Oktoba 1869, mto ulipopenya kupitia dari lake. Maji yalilipanua kwa kasi, na sehemu ya mwamba wa juu ikatitia. Wakazi walitupa magogo, mawe na udongo kwenye shimo, mto ukavisomba.

Dawa ilibidi itibu mambo mawili. Kwa maji yaliyokuwa yakipenya chini, wahandisi wa jeshi walijenga kati ya 1874 na 1876 ukuta wa zege chini ya chokaa, kutoka upande mmoja wa mto hadi wa pili: kina cha mita 12 hivi na urefu wa zaidi ya mita 560. Kwa maji yanayoanguka juu, waliweka sakafu ya mbao yenye mteremko, ili yateleze badala ya kudondoka. Mbao zilioza na kung'olewa na mafuriko. Miaka ya 1950 zikabadilishwa kwa zege.

Madaraja nayo yanaujua mto huu. La kwanza la kudumu kuvuka Mississippi, la kuning'inia, lilifunguliwa hapa 1855, likitumia Kisiwa cha Nicollet kufupisha safari. Daraja la mawe la reli la 1883, lenye matao 23, ni imara kuliko yote kwa macho yangu, lakini mafuriko ya 1965 yalichimba chini ya nguzo zake zikatitia. Matao 2 yalikuwa yameshaondolewa na kuwekwa chuma, ili matishari yafikie lango la kupandishia meli lililofunguliwa 1963, ambalo liliyainua takriban mita 15.

Lango hilo lilifungwa kwa vyombo Juni 2015, kuzuia samaki wageni wa jamii ya kapu (kwa Kiingereza “carp”) kutoka Asia wasipande mto. Mafuriko yakija, bado hufunguliwa kupitisha maji.