Nyama Kutajwa Kwanza Si Ushahidi wa Nyama Nyingi

Wanunuzi wengi wa chakula kikavu cha mbwa cha bei ya juu huamini kwamba nyama mbichi ikitajwa kwanza katika orodha ya viambato, basi chakula hicho kwa sehemu kubwa ni nyama. Sivyo. Viambato hupangwa kwa uzito wake kabla ya kupikwa, na takriban asilimia 70 ya nyama mbichi ni maji, ambayo mengi hutoweka chakula kinapokaushwa hadi kubaki na unyevu wa asilimia 10 hivi. Unga wa nyama, unaodharauliwa mno, umekwisha kukaushwa, hivyo kwa uzito uleule huwa na protini nyingi zaidi. Njegere nazo, zikiorodheshwa kila sehemu peke yake kama unga, wanga na nyuzinyuzi, hushuka chini ya nyama katika orodha, ingawa zikijumlishwa huenda zikaizidi.