Jalada la Musoma lililosomwa Mwanza

Wanafunzi wa sheria wanaokuja kufanya mafunzo kwa vitendo ofisini kwetu hapa Mwanza huniuliza swali lile lile kila mwaka: mbona Kanda ya Ziwa haina mfungwa wake wa kisiasa? Wakenya wana Raila Odinga, aliyekaa kizuizini miaka na miaka bila kesi kusikilizwa, na mwaka 1991 akavuka ziwa hili hili kwa mtumbwi kukimbilia Uganda. Dar es Salaam wana Bibi Titi Mohamed, aliyehukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini mwaka 1971 akaachiwa 1972. Sisi je?

Zamani nilikuwa nawatajia Ng'wanamalundi, ambaye wazee wa Kisukuma husimulia jinsi Wajerumani walivyomkamata na kumpeleka kifungoni pwani. Siku hizi nawatajia Chumchua Marwa. Hutazamana. Hakuna aliyewahi kumsikia.

Marwa hakuwa kiongozi wa chama wala mhariri wa gazeti. Alikuwa ndani ya gereza la Musoma, akisubiri kuhamishwa kwa amri ya Rais, na mwaka 1988 ombi lake la kutaka aletwe mbele ya jaji lilifika Mahakama Kuu ya Mwanza. Ni Shauri Dogo la Jinai Namba 2 la mwaka huo. Wengi wakiona hilo neno "dogo" kwenye jalada hulipita. Mimi mwenyewe nililipita mara mbili.

Ili kuelewa uzito wake inabidi turudi mwaka 1921. Waingereza, wakiwa wageni bado Tanganyika, walitunga sheria ya kuhamisha watu. Ilimpa Gavana uwezo wa kumng'oa mtu sehemu moja ya nchi na kumpeleka nyingine kwa kuwa tu ameonekana hatari kwa amani na utulivu. Haikuhitaji hukumu. Huku kwetu adhabu hiyo ina makali ambayo mtu wa mjini huenda asiyaone: mtu ni ng'ombe wake, shamba lake, makaburi ya babu zake na wakwe wa pande zote mbili. Ukimtoa hapo ukamweka ugenini, umemfunga bila kujenga ukuta.

Na wakoloni walikuwa na sababu ya kuiogopa Kanda ya Ziwa. Vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba vilivyoongozwa na Paul Bomani vilikuwa vimewafundisha watu kuhesabu fedha zao na kukaa vikao. TANU ilizuiwa kufanya kazi Jimbo la Ziwa tangu 1954 hadi 1958. Mwaka huo wa 1958 serikali ikawaletea watu wa Geita baraza la mseto, Waafrika wakae na Wazungu na Waasia, na watu wakakataa. Geita iko ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza. Leo unapita daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3, ukiwa umeketi kwenye gari lako. Wao walivuka maji au waliyazunguka kwa miguu, mamia kwa mamia, wakaja kupiga kambi hapa mjini wakitaka kumwona mkubwa wa jimbo. Walitawanywa kwa mabomu ya machozi na virungu.

Mwaka huo huo Nyerere alishtakiwa kwa maneno ya Sauti ya TANU, jarida la chama chake, juu ya wakuu wawili wa wilaya. Akaambiwa alipe shilingi 3,000 au aende jela miezi sita. Alilipa.

Huwa najiuliza ingekuwaje kama asingelipa. Kenyatta alifungwa, Nkrumah alifungwa, yeye hakulala gerezani. Sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu ya yaliyofuata, maana Nkrumah alifungwa na bado akaja kuwafunga wenzake bila kesi. Ila mwaka 1962 serikali ya TANU ilipitisha sheria ya kuwaweka watu kizuizini, na amri ya Rais chini yake haikuruhusiwa kuhojiwa mahakamani. Ile ya 1921 haikufutwa. Alipotajwa Gavana pakasomwa Rais, basi.

Hapo ndipo mfungwa wa kisiasa alipoacha kuwa aina ya mtu akawa aina ya karatasi. Kiongozi wa chama cha wafanyakazi kama Victor Mkello, aliyepelekwa Sumbawanga mwaka 1963, na mwanakijiji wa Mara ambaye hajawahi kupanda jukwaani, wote walipitia mlango huo mmoja: saini, muhuri, na hakuna wa kuulizwa.

Mwaka 1984 Haki za Binadamu ziliingizwa kwenye Katiba, lakini mahakama zikafungwa mikono miaka mitatu, hadi Machi 1988. Mikono ilipofunguliwa tu, jalada la Marwa likawa mezani kwa Jaji James Mwalusanya. Alisema sheria ile ya kuhamisha watu inapingana na Katiba. Hakusema imetumika vibaya kwa Marwa, alisema sheria yenyewe ni batili. Sheria iliyoanza na Gavana ikaangushwa na ombi la mtu wa Musoma.

Wenzetu ng'ambo walipita njia nyingine. Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wakiwa na Wangari Maathai, walianza mgomo wa kula katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Polisi walipowavamia, baadhi yao walivua nguo, na kila Mwafrika anajua laana ya mama aliyevua nguo mbele ya mwanawe. Wakahamia kanisani wakakaa humo karibu mwaka mzima, na wana wao wakaachiwa mmoja mmoja. Wanafunzi wangu huipenda hadithi hiyo kuliko yangu ya majalada, na siwalaumu.

Lakini serikali yetu ililiona jalada. Tume ya Nyalali, iliyoundwa kuchunguza mfumo wa vyama vya siasa nchini, ilipotaja sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa, ya kizuizini na ya kuhamisha watu zilikuwemo. Hata hivyo katika toleo la sheria la 2002 ya kizuizini imo bado, Sura ya 361. Kilichobadilika haraka ni mahakama. Sheria ya mwaka 1994 ilitaka mashauri ya haki za msingi yasikilizwe na majaji watatu, na ikaruhusu mahakama kulipa Bunge muda wa kurekebisha badala ya kuifuta sheria papo hapo. Jaji mmoja wa Mwanza, peke yake na kalamu yake, hawezi tena kufanya alichofanya Mwalusanya.

Mwanafunzi mmoja wa mwaka huu aliniuliza alikokwenda Marwa baada ya hukumu. Nilimpa namba ya shauri, nikamwonyesha njia ya kwenda masjala.