Dawa Bandia India: Polisi Anakamata Wapi, na Anaishia Wapi

Wenzangu katika fani ya sheria za dawa hushtuka wanapoisoma kwa mara ya kwanza hukumu iliyotolewa tarehe 28 Agosti 2020 na Mahakama ya Juu ya India, mbele ya Majaji Sanjay Kishan Kaul na K. M. Joseph. Mahakama ilisema bayana kwamba ofisa wa polisi hana mamlaka ya kumshtaki mtu kwa makosa ya Sura ya IV ya Sheria ya Dawa na Vipodozi ya 1940, na makosa ya kutengeneza na kuuza dawa bandia yamo humohumo. Wala si makosa madogo, kwa kuwa anayeuza dawa bandia inayoweza kuua au kujeruhi vibaya hufungwa miaka isiyopungua 10, na adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha.

Msingi wa hukumu ni kifungu cha 32, kinachotaja wanaoruhusiwa kufungua mashtaka: mkaguzi wa dawa, ofisa wa serikali aliyeidhinishwa kwa kazi hiyo, mtu aliyedhurika, na chama cha walaji kinachotambuliwa. Polisi hatajwi. Serikali ilijenga hoja juu ya kifungu cha 36AC, ambacho kinaruhusu watuhumiwa wa baadhi ya makosa hayo kukamatwa bila hati, lakini Mahakama ikajibu kwamba ruhusa hiyo haimpi polisi haki ya kushtaki. Ikaenda mbali zaidi: polisi hapaswi hata kufungua jalada la upelelezi kwa makosa hayo, na taarifa akiipata aikabidhi kwa mkaguzi, ambaye anayo mamlaka ya kukamata.

Naiunga mkono hukumu hii, na sababu yangu iko kwenye sampuli. Mkaguzi anapochukua dawa dukani humweleza muuzaji kwa maandishi kwa nini anaichukua, kisha huigawa mafungu manne mbele yake na kuyatia lakiri. Muuzaji mwenyewe anaruhusiwa kuweka alama yake juu ya kila fungu. Moja hubaki kwake, moja huenda kwa mkemia wa serikali, moja huhifadhiwa kwa ajili ya mahakama, na la nne hupelekwa kwa aliyetajwa kuwa chanzo cha dawa hiyo. Ripoti ya mkemia ikimtia hatiani, mshtakiwa ana siku 28 za kueleza kwamba ataipinga, na mahakama inaweza kulipeleka fungu inalolihifadhi yenyewe kwenye Maabara Kuu ya Dawa iliyoko Kolkata, ambako matokeo huwa ya mwisho. Sasa mfikirie askari aliyezoa maboksi ya vidonge, akayatupa nyuma ya gari juani na kuyafungia stoo ya kituo. Hata kama vidonge vile ni chaki tupu, wakili wa utetezi ameshapata pa kushika.

Hata hivyo, polisi hajafungwa mikono kabisa. Kitendo hichohicho kikiwa pia ni kosa chini ya sheria ya jumla ya jinai, anaweza kupeleleza na kushtaki kwa sheria hiyo. Kuanzia 1 Julai 2024, kanuni mpya ya adhabu ya India inayaweka makosa ya kughushi dawa na kuziuza katika vifungu vya 276 hadi 278, na udanganyifu katika cha 318. Adhabu za vifungu vya dawa humo ni nyepesi mno zikilinganishwa na zile za 1940, jambo linaloniudhi, kwa sababu polisi akiwahi peke yake bila kumwita mkaguzi, muuaji anaweza kuponea kwenye kosa dogo.

Mzigo mzito unabaki kwa mkaguzi, lakini mgonjwa naye amepewa nafasi ambayo wengi hawaijui. Kifungu cha 26 kinamruhusu mnunuzi yeyote kuipeleka dawa aliyoinunua kwa mkemia wa serikali, akalipa ada na kupewa ripoti iliyotiwa saini, na kifungu cha 32 kinamruhusu aliyedhurika kwenda nayo mahakamani bila kumsubiri askari wala mkaguzi.