Ubingwa wa Mezani na Dhana Nyingine Kuhusu Ligi Kuu ya Uganda

Nimechoka kusikia, tena kutoka kwa watu ambao kazi yao ni kujua, kwamba Vipers SC ilipewa mezani ubingwa wa msimu wa 2019/20. Mimi huwaelekeza makatibu wa vilabu kanuni za mashindano, na hakuna kikao, Kampala wala Bombo, kinachomalizika bila mmoja wao kulitoa dai hilo, huku kitabu cha kanuni kikiwa mbele yake hakijafunguliwa.

Vipers haikupewa hata pointi moja ambayo haikuitolea jasho. Serikali ilipopiga marufuku mikusanyiko mwezi Machi 2020 kwa sababu ya korona, timu hiyo ilikuwa imecheza mechi 25 kati ya 30 na ilikuwa na pointi 54, nne zaidi ya klabu ya KCCA iliyokuwa ya pili. Kanuni zilizokuwapo tangu kabla ya msimu ziliweka mpaka wa asilimia 75: ligi ikikatizwa baada ya kuuvuka mpaka huo, anayeongoza ndiye bingwa, na ikikatizwa kabla yake, msimu wote unafutwa. Kwa ligi ya timu 16, mpaka unavukwa katika mechi ya 23. FUFA, shirikisho la soka la Uganda, ilipoufunga msimu mwezi Mei haikubuni lolote.

Hapo hujibiwa kwamba mechi tano zilizobaki zilikuwa na pointi 15, na kwamba KCCA ingeweza kuwapita. Ingeweza, naam, lakini kanuni haiulizi nini kingetokea. Inauliza nini kimekwisha kutokea. Isitoshe, kipengele hicho hicho ndicho kilichozishusha daraja Proline, Tooro United na Maroons, na Proline ilikuwa ndiyo kwanza imetwaa Kombe la Uganda mwaka 2019. Ni kipengele hicho pia kilichoitambua KCCA kuwa ya pili, nafasi iliyoipeleka Kombe la Shirikisho Afrika. Anayetaka kuufuta ubingwa wa Vipers aeleze kwanza timu tatu zilizoshuka zingerudishwa kwa msingi gani.

Wengine huitaja Tanzania, ambako ligi ilirejea Juni 2020 na Simba ikachukua taji uwanjani. Tanzania ilifungua viwanja. Uganda haikufungua, na shirikisho la soka halina mamlaka ya kutengua amri ya serikali. Ufaransa nayo ilikatiza msimu na kuipa PSG ubingwa, ilhali Uholanzi ilikatiza bila kumtangaza bingwa yeyote, kila moja kwa utaratibu wake. Msimu uliofuata, Uganda ilipofungwa tena Juni 2021, kanuni ileile iliipa klabu ya Express taji lake la kwanza tangu 2012. Ajabu ni kwamba wapenzi wa Express waliokuwa wakali zaidi dhidi ya Vipers siwasikii wakiomba taji hilo lirudishwe.

Dai la pili ni kwamba taji la 2010 si la Vipers, kwa kuwa lilichukuliwa na Bunamwaya. Ni klabu moja iliyobadili jina mwaka 2012. Tukifuata hoja hiyo, kila klabu iliyowahi kubadili jina ingepoteza mataji iliyoyatwaa kwa jina la zamani, na hapo sijaona shabiki anayekubali.

Wapo pia wanaodhani kwamba bingwa wa Uganda huingia moja kwa moja hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Huanzia raundi za awali. Mwaka 2022 Vipers ililazimika kuitoa Olympic Real de Bangui na kisha TP Mazembe, hii ya mwisho kwa penalti kule Lubumbashi, kabla ya kufika kwenye makundi. Mweka hazina anayepanga bajeti ya klabu kwa fedha za makundi mara tu baada ya kubeba kombe la nyumbani anajitafutia madeni.

Ama wale wanaosema vilabu vyetu havijawahi kufanya lolote barani, sina subira nao. Simba FC, timu ya jeshi la Uganda na si Simba ya Tanzania, ilicheza fainali ya Klabu Bingwa Afrika mwaka 1972, SC Villa ikafanya hivyo mwaka 1991, na mwaka 2018 KCCA iliifunga Al Ahly 2-0 pale Lugogo katika hatua ya makundi.