Kufungua Bordeaux ya miaka thelathini na zaidi bila kuiharibu

Mvinyo mwekundu wa Pauillac au Saint-Julien, vijiji vya Médoc katika eneo la Bordeaux, Ufaransa, wa mwaka 1986 ukiwa mbaya mezani, usikimbilie kulaumu shamba. Mara nyingi umeharibiwa na joto la stoo, au na aliyeufungua saa sita mchana kwa ajili ya chakula cha usiku.

Kabla ya kulipa pesa, tazama mvinyo umefika wapi ndani ya chupa. Chupa ya Bordeaux ina mabega yaliyosimama, hivyo kipimo kinasomeka. Kwa umri huu, chini kidogo ya shingo au juu ya bega ni kawaida. Katikati ya bega ni kamari. Chini ya hapo mimi silipi, hata lebo iwe ya Lafite, shamba maarufu la Pauillac, kwa kuwa kizibo kimeshapitisha hewa. Kizibo kilichojitokeza juu ya mdomo nacho ni ishara mbaya: mvinyo ulipata joto, ukapanuka na kukisukuma.

Chupa isimame wima saa 24, afadhali 48. Tanini (ule ukakasi utokao kwenye maganda ya zabibu) na rangi huungana kadiri miaka inavyopita, zikawa mashapo mazito machungu, na Médoc ya 1986, iliyozaliwa na tanini ngumu, huwa nayo tele. Chupa iliyolala miaka mingi imeyakusanya ubavuni. Yanahitaji muda kuteremka.

Wanaposema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba, wanamaanisha nyumba za Ulaya za enzi zile, nyuzi 16 hadi 18. Dar es Salaam au Mombasa chumba kikiwa nyuzi 28, pombe hupanda puani na kufunika kila kitu. Weka chupa kwenye friji kama saa moja na nusu, wima, kwenye rafu ya ndani. Mlangoni hapana, kila anayefungua friji anatikisa mashapo.

Kata kifuniko laini kinachofunika kizibo chini ya ukingo wa mdomo, kisha ufute mdomo kwa kitambaa chenye unyevu. Vifuniko vya hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 vilikuwa vya madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo kufuta si urembo. Ukungu juu ya kizibo usikutishe.

Kizibo cha mashamba haya kina urefu wa kama sentimita 5, na nusu ya chini imelainika. Skurubu fupi haifiki huko, ikivuta inakikata katikati. Kizibuo cha bapa mbili, yaani vipande viwili vyembamba vya chuma badala ya skurubu, ni salama zaidi: ingiza bapa ndefu kwanza kati ya kizibo na kioo, halafu fupi, yumbisha huku na huku hadi mpini uguse mdomo, kisha zungusha huku ukiinua. Lakini kwanza bonyeza kizibo taratibu kwa kidole gumba. Kikicheza, bapa zitakitumbukiza. Tumia skurubu ndefu. Kikitumbukia, chuja kwa kichujio cha chuma. Karatasi ya kuchujia kahawa huacha ladha yake.

Wakati wa kumimina kwenye jagi la kioo, weka tochi ya simu chini ya shingo na umimine kwa mkupuo mmoja, taratibu. Ukisimamisha chupa katikati, mvinyo unarudi nyuma na kuchafua kila kitu. Uzi wa mashapo ukifika begani, acha. Utabakiza kama mililita 50. Hizo zinafaa mchuzi wa nyama.

Mimina muda mfupi tu kabla ya kunywa. Latour changa, nayo ya Pauillac, inaweza kukaa wazi saa kadhaa na ikafaidika, ila harufu za mierezi na tumbaku za mvinyo mkongwe zinaweza kufifia ndani ya nusu saa. Ukikutana na harufu ya uvundo, subiri dakika kumi. Ikitoweka, ulikuwa uchovu wa kufungiwa. Ikizidi na kufanana na kadibodi iliyoloa, kizibo ndicho kilichoutia mvinyo kasoro, na hewa haitaiondoa.